Ganda Tupu

Azzan amekuja Sinaw na karatasi mfukoni:
Rungwa, siku kumi na nne, mbogo wawili,
pesa zimeshalipwa, hairudi hata baisa.
Amevua viatu mlangoni pa karakana yangu
kama aingiaye msikitini,
akasema, "Rayya, nitafutie kubwa.
Kubwa kuliko zote."

Ninazo tatu ukutani, na moja mezani haina kitako.
Ile thelathini-sifuri-sita nimeipita bila kuigusa.
Hiyo ni ya pofu, ya kuro, ya mnyama anayekubali kufa.
Mbogo hakubali. Mbogo hujadili.
Marehemu baba alijadiliana na mmoja, nyuma ya Sikonge,
akaja kuzikwa huku na goti lisilokunjika.
Alisali kwenye kiti miaka thelathini na moja.

"Hii," nikamwambia, "mia tatu sabini na tano.
Haina makeke. Inaingia begani, inavuka moyo,
inatokea upande wa pili ikiwa bado na safari."
"Na ile?"
"Ile mia nne hamsini na nane.
Risasi yake nene kama kidole changu cha mwisho.
Inapiga mbele, na inapiga nyuma."
Hakusikia nyuma.
Ameipakata kama bwana harusi aliyevishwa upanga,
yeye, mtu wa bima, Rusayl, ghorofa ya nne,
bega lake limezoea mkanda wa gari.
"Wanasema kubwa husamehe makosa."
Nikamjibu, "Kubwa huyazaa,"
lakini alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

Alhamisi. Mnadani mbuzi wanazungushwa,
wanawake wenye barakoa wanapima viwele kwa kiganja.
Tumewapita, tumeshuka bonde kavu,
nikaegemeza kopo la samli kwenye jiwe, hatua sitini.
Risasi nalisha mimi. Ndiyo kanuni ya karakana:
mnunuzi haoni kinachoingia.
Ya kwanza ikatikisa milima, kopo likabaki.
Ya pili, kopo likabaki, Azzan akacheka,
akalisugua bega akidhani natazama pengine.
Ya tatu nikampa ganda tupu.
Halina baruti, lina uzito tu.

Tik.

Hapakuwa na kishindo cha kumficha.
Jicho likafumba, bega likaruka,
mtutu ukainama shubiri nzima
kuelekea mchanga, mbele ya vidole vyake mwenyewe.
Mahali fulani mbuzi akalia.
Azzan akaitazama bunduki, akanitazama mimi,
masikio mekundu,
kama mtu aliyesikia mwili wake ukimsengenya.

Sikusema kitu. Ningesema nini?
Nimemwekea mikononi ile nyingine,
tumepiga mpaka jua likatukalia utosini.
Ganda tupu lilikuwa la saba, kisha la kumi na moja.
La saba mtutu uliinama kidogo.
La kumi na moja ulitulia, na yeye akatulia,
na kopo nililiokota lina matundu manne.
"Itatosha?" akauliza.
"Ukiwa nyuma yake uko macho, itatosha."
Amelipa bila kuomba kupunguziwa. Si kawaida ya ukoo wetu.

Jioni nafagia. Mfukoni ganda lile bado lipo,
limepata joto la paja langu.
Ukutani, mahali pa nne, upo msumari mtupu
wa bunduki ya baba, iliyobaki Tabora.
Kila Iddi alitusimulia, goti likiwa limenyooka mbele yake:
hapakuwa na kubwa kama ile, mkoa mzima,
ikilia, kanga wanaanguka mitini kwa hofu.
Tukacheka. Tukamwongezea kahawa.

Sikuwahi kumwuliza
risasi ya kwanza ilikwenda wapi.

Leo nimejua. Ilikwenda chini.